Redio ya Dabasa Imefungwa

Kwenye benchi la Gakuru, kando ya barabara ya Namanga pale Kitengela, kila mtu ana jina la pili. Gakuru mwenye kahawa ni Birika. Maundu anayechonga mawe kwenye kwari ni Kokoto. Omolo naye ni Studio, maana kuanzia 2001 alitangaza miaka mitano kwenye redio ndogo ya Dabasa, kule kaskazini lami inapoisha na mbele tena. Jioni hiyo ya 2008 alikuja amenyong'onyea. Dereva wa lori la mbuzi alikuwa amemwambia redio ile imefungwa. Omolo alitamani kumuuliza kama kuna mtu kule bado anamtaja, ila aliona haya.

— Imefungwa aje, Studio? Birika akauliza.

— Sola iliharibika, wakakosa fundi.

— Wapi! Kokoto akadakia. Hiyo ni fisi. Fisi akishakula waya ya mlingoti, redio kwisha.

— Fisi gani? Birika akapinga. Ni jua. Jua ya kule iliyeyusha sauti huko hewani. Ndiyo maana hapa hatukuwahi kuishika.

— Basi hiyo sauti imelala kwa mchanga! Ngamia akikanyaga, anasikia Studio akisema habari za jioni!

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Omolo hakucheka.

— Chekeni tu. Kule hakukuwa na simu. Mtu anatoka malishoni, anasimama kwa dirisha ya studio, ananiambia salamu zake, nazisoma hewani. Halafu haendi. Anangoja jibu hapo hapo.

— Jibu kwa redio?

— Eeh. Alijua nikimsalimia mtu wake, huyo mtu ananijibu mimi. Kuna shosho mmoja, bibi mzee, alingoja mpaka giza. Kijana yake alikuwa Nairobi, na redio yetu haikufika hata Marsabit.

Naserian, mama wa kuuza maziwa kutoka Kisaju, alikuwa ametua mtungi wake hapo apumzike. Hawakuwa wamewahi kumwona.

— Na wewe, baba, nani alikuwa anakutumia salamu?

Birika akamtazama Kokoto. Kokoto akatazama barabara. Omolo akapitisha kichwani majina ya Dabasa nzima, jinsi alivyokuwa akiyasoma, na kila jina lilikuwa likimsalimia mtu mwingine.

— Kahawa imebaki? akauliza.

— Imeisha, Studio.