Alden Hajaandikisha Jina

Hapa kwetu Eastmoor, New Hampshire, hakuna gari la taka linalopita majumbani. Kila mtu anabeba uchafu wake mwenyewe, anaupeleka jalalani, na humo humo anaokota habari za mji mzima. Ndiyo maana kijiwe chetu kiko pale, pembeni ya mapipa ya chupa. Benchi lenyewe ni la kanisa. Kanisa lilipolitupa, sisi tukaliokota, tukaligongea misumari miwili, likapona. Chumvi alikuwa dereva wa gari la kuzoa theluji na kumwaga chumvi barabarani. Dikoni ni mzee wa kanisa, ila uongo wake haujaokoka bado. Bi Siki anatengeneza achari ya matango, na ulimi wake nadhani anaulowesha humo humo. Mimi wananiita Chupa, kwa kuwa chupa ya kahawa ni yangu, na anayenichokoza hanywi. Mwisho wa benchi pana nafasi ya marehemu Wendell, aliyetuacha Februari. Hatujaikalia.

Ijumaa ile ya Juni visubi walikuwa wanatula wazima wazima, lakini hakuna aliyeondoka, maana kulikuwa na jambo. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuandikisha wagombea wa bunge la jimbo. Dirisha la karani linafungwa saa kumi na moja jioni, na Alden Thibault, mbunge wetu tangu nywele zangu zina rangi, alikuwa hajaandikisha jina. Jina lilikuwa moja tu, la yule bwana wa ziwani anayemlipa mtu ambebee taka zake. Hebu fikiria, mtu asiyejua hata pipa la makopo liko wapi, ndiye akatusemee! Na Alden mwenyewe tunamwona pale, kofia mpya kichwani, anatenga chupa za kijani na chupa nyeupe kama vile dunia haimhusu. Mashine ya kushindilia maboksi ilikuwa inanguruma, kwa hiyo tulimsengenya kwa raha zetu.

— Anaumwa huyo, akaanza Chumvi. Juzi nimemwona dukani kabeba supu za kopo kikapu kizima.

— Mtu kununua supu ndiyo ugonjwa? Bi Siki akamdaka. Wewe ukinunua soseji tuseme umekuwa mbwa?

— Dalili ya mvua ni mawingu, bibi.

— Na dalili ya kiherehere ni wewe. Mtazame alivyobeba lile kreti. Mgonjwa gani huyo?

Dikoni akajikohoza. Akijikohoza hivyo, jua fiksi inapanda ngazi.

— Tutazame rekodi, ndugu zangu. Kasimama mara kumi na nne, kashinda kumi na tatu. Mtu wa rekodi hiyo haachii kiti ila kwa kiti kikubwa zaidi. Alden anautaka ugavana.

— Alden? Ugavana? Bi Siki akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Mtu ambaye hajawahi kuomba kura hata moja!

Na hapo kweli alisema. Kila msimu wa uchaguzi wagombea huja kusimama hapa jalalani Jumamosi, na vikaratasi vyao, na meno yao yote nje. Alden naye husimama. Lakini yeye neno lake ni moja: "Nikushikie gunia?" Anakushikia gunia, analitupa, anakwenda kwa mwingine. Sura ya mpinzani wake umeshaisahau kabla hujafika nyumbani, ila gunia lako unakumbuka nani alilibeba.

— Na huko bungeni kafanya nini miaka yote hiyo? akauliza Chumvi. Sheria mbili! Ya daraja la Mill Brook, na ile ya kulungu.

— Usiiseme vibaya sheria ya kulungu, nikamwambia. Aliyemgonga kwa gari ndiye anayemla. Wewe umekula wangapi?

— Watatu, akakiri Chumvi, na uso ukamlainika. Yule wa mwisho alinona. Haya, mwacheni. Mti wenye matunda ndio upigwao mawe.

— Nani kampiga mawe, Chumvi? Kulungu ndiye uliyempiga, tena kwa lori.

Tukacheka wote. Kahawa ilikuwa nzito, donati zilikuwa bado za moto, na nasema kweli, kama si lile dirisha la karani kuning'inia kichwani mwetu, ingekuwa siku njema kuliko zote.

— Mimi nawaambia ni mwanamke, akasema Bi Siki. Kofia mpya! Alden kavaa kofia moja tangu daraja lijengwe. Leo mpya, tena ina unyoya. Yuko mjane kule ng'ambo ya mto, jimbo la Vermont. Anahama huyo.

— Vermont? Dikoni akashika kifua. Afadhali angekufa.

— Si mwanamke, akasema Chumvi. Ni dhahabu. Mwezi uliopita nilimwona kasimama kijitoni, maji magotini, ana karai mkononi. Mtu na akili zake anaosha nini kijitoni na karai?

— Karai!

— Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kapata dhahabu, kamwambia gavana, gavana kamwambia nyamaza, usigombee, tutagawana. Mwakani mtasikia kanunua kisiwa, kajifanya mfalme.

— Na mjane wa Vermont ndiye malkia, akamalizia Dikoni. Sasa naona yote yanakaa sawa!

Yaani watu wazima, wajukuu wanao, wanaafikiana kuhusu mfalme wa kisiwa. Mimi nikawamiminia kahawa kidogo, nikawarudisha kwenye mambo ya msingi.

— Mnasema kashinda kumi na tatu. Ile moja alishindwa kwa nini?

Hapo ndipo walipotaka kugombana kweli. Maana Alden alishindwa mara moja tu, na aliyemshinda alikuwa muuza mabwawa ya kuogelea, akakaa bungeni mwaka mmoja, akahamia Florida, akatuacha na aibu yetu.

— Ndevu, akasema Bi Siki. Mwaka ule alifuga ndevu.

— Kura za Vermont zilivuka mto, akasema Dikoni. Nina ushahidi.

— Ushahidi gani?

— Nilihisi.

— Mimi nakumbuka jambo moja tu la mwaka ule, nikasema. Kahawa ilikuwa inabaki. Wendell alikwenda Ohio kwa binti yake majira yote ya joto, kwa hiyo hapakuwa na wa kuimaliza.

Tukaitazama ile nafasi yake. Ndipo akaja dada mmoja na maboksi matupu mpaka kidevuni. Ni Odalys, aliyehamia kutoka mji wa Lawrence wakati wa baridi. Anauguza wazee kule hospitali ya wilaya. Nyumba aliyonunua ni ile ya Wendell.

— Za hapa, wazee wangu? Maboksi yanaingia wapi?

— Pale kwenye mashine. Weka chini, mama, upumzike, akasema Dikoni.

Akaketi. Palepale, mwisho wa benchi. Nami nikammiminia kahawa, kwani ningefanyaje? Na ukweli benchi lilikaa vizuri zaidi. Lilikuwa limeanza kuinama upande mmoja.

— Mnamsema yule babu wa kofia? akauliza. Namjua. Wiki iliyopita alikuja kwangu jioni, akaketi kwenye ngazi za baraza.

Chumvi akaacha donati hewani.

— Akataka nini?

— Hata sijui. Nikampa maji ya limau. Akaniambia bomba la paa linavuja, akaniambia waridi zipunguzwe. Kisha akanyamaza, ananitazama kama mtu anayengoja jibu la daktari. Halafu akasema asante, akavaa kofia, akaenda zake. Nilimwonea huruma, jamani. Kwani alikuwa anangoja nini?

Tukamweleza. Kwamba leo ndiyo mwisho wa majina, kwamba hajaandikisha, na kwamba sisi hapa tunatafuta sababu. Supu, ugavana, mjane, dhahabu, kisiwa. Akasikiliza yote kwa adabu, akanywa kahawa yake, kisha akauliza:

— Sasa mmemwomba asimame?

Mashine ya maboksi ikazimika. Na sisi tukazimika nayo.

Maana Eastmoor mtu hajipeleki. Anayejipeleka mwenyewe ni mwenye majivuno, na mwenye majivuno tunamnyoosha. Mtu huombwa, tena usoni, na mtu anayemjua. Na tangu mwanzo aliyemwomba Alden alikuwa Wendell, kwenye ngazi zile zile za baraza, mwezi wa Juni, kila baada ya miaka miwili. Mwaka wa Ohio hakuwapo wa kumwomba, Alden akajipeleka mwenyewe, nasi tukamnyoosha.

— Mwaka ule, akasema Bi Siki polepole, na ulimi wake haukuwa na siki hata tone, si tuliulizana hapa hapa, "Nani kamtuma?"

Mtu kakushikia gunia maisha yako yote, na wewe hujui kumwambia neno moja.

— Aende mtu, akanong'ona Dikoni. Mimi siwezi, kanisa na siasa havichanganyiki.

— Mimi na yeye tuna kesi ya uzio, akasema Chumvi. Umoja ni nguvu.

— Nenda wewe, Chupa, akasema Bi Siki. Wewe una kisingizio mkononi.

Nikaitikisa chupa. Ilibaki kahawa ya kikombe kimoja. Nikaimimina, nikaenda nayo. Si mbali, lakini najua macho yote ya kijiwe yalikuwa mgongoni kwangu.

— Alden.

— Chupa.

— Visubi wabaya mwaka huu.

— Wabaya.

Nikampa kikombe. Akakipokea. Tukatazama mapipa kidogo.

— Tunataka usimame, nikasema.

Alikuwa ameshika chupa ya kijani kwa mkono wa pili. Akaitupa kwenye pipa la nyeupe. Alden! Kwenye pipa la nyeupe! Akatazama kule benchini, akamwona Odalys kwenye nafasi ya Wendell, akaivuta kofia mpaka kwenye nyusi.

— Nilidhani mmenichoka, akasema.

— Tumekuchoka siku nyingi. Simama hivyo hivyo.

Akainywa kahawa yote kwa mkupuo mmoja, na ilikuwa ya moto. Machozi yakamtoka, nami nikasingizia kahawa. Akatazama saa.

— Na kreti zangu hizi?

— Zina wenyewe, nikamwambia, maana kijiwe kizima kilikuwa kimeshanyanyuka kinakuja, Chumvi mbele, Odalys kakunja mikono ya shati. Bi Siki akamuuliza Alden mbele ya watu karai lilikuwa la nini kule kijitoni. Akasema alikuwa anamsaidia mjukuu wake kukamata vyura. Na kofia? Zawadi ya mjukuu huyo huyo. Chumvi akasononeka sana kuhusu ile dhahabu.

Alden akapanda lori lake kuukuu, akalitia moto, kisha akashusha kioo.

— Chupa! Kura yako ninayo?

— Nitafikiria, nikamjibu.

Alicheka hadi getini, tulimsikia. Kikombe changu kaondoka nacho. Sisi tukainama kwenye kreti zake, tukaanza kutenga, kijani huku, nyeupe kule, na kahawa ilikuwa imekwisha.