Mzee Hoza Hajatoka Ndani

Latifa: Haloo? Nani mwenzangu?

Nassoro: Nassoro. Nassoro wa huku Magamba.

Latifa: Shikamoo baba.

Nassoro: Marahaba. Latifa, kesho sitakuja redioni kusoma—

Latifa: Usinifanyie hivyo, baba. Mchezo wote nimeuandika watu wapatane, na Mzee Hoza ndiye anayewapatanisha. Nani atasoma—mbona unanong'ona?

Nassoro: Wako nje. Mtandao uko dirishani tu, na dirishani wananiona.

Latifa: Kina nani?

Nassoro: Majirani. Wana majembe, wana… [mikwaruzo] …wananiita kwa jina ulilonipa. "Mzee Hoza, toka utupatanishe." Halafu wanacheka. Kicheko kibaya, mwanangu.

Latifa: Umefanya nini, baba?

Nassoro: Nimeziba mfereji, maji yabaki kwangu.

Latifa: Wewe?

Nassoro: Karoti zilikuwa zinakufa. Nikasema nikishavuna nafungua. Kumbe huko chini kabichi za jirani yangu Anord zote—

Latifa: Mpigie mwenyekiti wa kijiji.

Nassoro: Yuko nao. Shamba lake na yeye liko chini.

Latifa: Ya Rabi.

Nassoro: Niandikie maneno, Latifa. Hoza angesema nini? Naogopa.

Latifa: Hoza hajawahi kuziba maji, baba.

Nassoro: Niandikie hivyo hivyo.

Latifa: [anavuta pumzi] Toka. Jembe liache ndani. Sema, "Nimeziba mimi." Halafu nenda ukazibue kwa mikono, wakuone.

Nassoro: Hawatanipiga? Kwenye mchezo wangenisamehe.

Latifa: Wale wa kwenye mchezo nawaandika mimi.

Nassoro: Na hawa?

Latifa: Hawa siwaandiki, baba.

Nassoro: …Haya. Salio lenyewe linaisha. Kesho nisipoonekana, Hoza mpe Tobia. Sauti yake mbovu, lakini hana mfereji.

Latifa: Simpi mtu. Utasoma mwenyewe. Usikate simu, baba, nataka nisikie—

Nassoro: Nimeshatoa komeo.

[mlango, kelele za watu]

Latifa: Baba?

Nassoro: Assalaam aleikum jamani. Mimi siyo Hoza. Mimi—

[simu inakatika]

Latifa: Sema umeziba. Baba? Kwanza sema umeziba… Haloo?