Mama Ida na Kicheko Alichokikumbuka

Ndugu waombolezaji, mimi ni Emmanuel, mtoto wa pili wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu.

Agatha Nikolao alizaliwa tarehe 12 Machi 1957 katika kijiji cha Chilangala, wilayani Newala, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba mwaka 1972, akajifunza ushonaji Masasi, kisha akarudi Newala na cherehani yake, na wengi wenu hapa mlivaa sare alizoshona. Alikuwa mtu wa kucheka, hata mteja aliyekuja kulalamika aliondoka akitabasamu.

Tarehe 6 Oktoba 1979 alifunga ndoa na baba yetu, Alfredi, mkulima wa korosho, mtu mkimya na mwenye mashaka, wakajaliwa kupata Ida, mimi, Yasinta na Edmund. Ida alifariki kwa surua tarehe 19 Agosti 1985, akiwa na miaka mitano, na tangu hapo wazazi wetu walizikumbuka siku zake za mwisho kwa namna mbili. Mama alisimulia jinsi Ida alivyocheka kitandani hospitali alipovishwa kofia ya baba. Baba alikumbuka hofu tu, kicheko kile hakukikumbuka kabisa, akaamini kwamba mkewe hakuumizwa na msiba ule, na mwaka 1988 akahamia peke yake shambani Kitangari.

Jirani yetu Bi Ziada, tunayemwita Mama Sharifu, aliyekuwa na mama wodini Ida alipofariki, alimfuata huko akamweleza kwamba siku ile mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Baba alirudi nyumbani Desemba 1989, akamuuliza mama kama ni kweli, naye akajibu taratibu, "Baba Ida, kama Ziada anasema nililia, basi nililia. Mimi nikifumba macho namwona mtoto anacheka." Baba hakuondoka tena, Edmund akazaliwa, na habari za Ida wakawa wanatusimulia wakiwa pamoja, kila mmoja akisema yake, mwenzake akisikiliza.

Mama alipata kiharusi tarehe 3 Februari 2024, akatibiwa Newala na Masasi, akafariki tarehe 21 Mei. Wiki ya mwisho hakuweza kusema, ndipo baba alipokaa kando yake akamsimulia kicheko cha Ida, kama alivyokisikia kwake miaka yote, na mama akamshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea maji na kuni, mafundi cherehani wenzake, na Mama Sharifu kwa namna ya pekee.

Mama, ulicheka na ulilia, sasa pumzika kwa amani.