Ajengan Aliyekuwa Mwishoni mwa Kaseti

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto jikoni, sogezeni redio. Mwenye kazi mkononi aendelee nayo, ila sikio moja alilete huku. Ni mimi Yayan wenu, wa redio yetu ya hapa Ujungberung, na alasiri hii tumekaa tena na waliotutangulia.

Leo tunamkumbuka Ajengan Mahpud. Narudia kwa aliyechelewa: Ajengan Mahpud, mwalimu wa dini wa Kampung Cibolang, kile kijiji cha mlimani. Amefariki wiki iliyopita, na jana tumemaliza kisomo chake cha siku ya saba.

Kina mama mnamjua kwa mawaidha yake ya Alhamisi. Wenzangu wa fulana nyeusi wanamjua kwa jambo jingine kabisa. Wanamjua kama sauti iliyo mwishoni mwa upande wa kwanza wa Tanah Beureum, albamu ya kwanza ya bendi yetu ya Bedog Karat. Mwalimu wa dini, ndani ya kaseti ya muziki wa metali! Aliingiaje humo? Hilo ni swali la kwanza. La pili limenisumbua tangu nikiwa mwanafunzi, na wengi wenu mnalijua: nani alikuwa mlangoni?

Tulieni. Tutafika.

Ajengan alizaliwa palepale Cibolang, akakulia palepale, na bata wake bado wanaogelea kwenye bwawa lilelile alilochimba babake. Nilimuuliza dada yake, Bi Iyar, kakake alikuwa mtoto wa namna gani. Bi Iyar hana simile.

"Mwongo," akasema. "Tena mwongo wa kupendeza. Anatumwa dukani kuleta chumvi, anarudi na hadithi. Chumvi hakuna. Na sisi tunakaa kumsikiliza, mboga inaliwa chapwa."

Ndivyo alivyofundisha hata alipokuwa mtu mzima. Hakupenda kugomba. Kila funzo alilivisha hadithi. Kina mama wa Cibolang walijaa kila Alhamisi, wanamenya viazi huku wanasikiliza, na mawaidha yale yalirekodiwa kwenye kaseti ili aliyekosa naye asikose. Kaseti zake zilipangwa rafuni pale sebuleni, juu ya televisheni.

Ajengan alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Ceceng. Mtoto wa kiume mmoja, na yule mtoto alipenda kugonga vitu. Aligonga ndoo, akagonga masinia, kisha akapata dramu za mkono wa tatu na kuzitia kwenye banda la bata. Mjane wa Ajengan, Ema Unah, ambaye sisi sote tunamwita Ema tu, yaani mama, anacheka akikumbuka.

"Bata waligoma kutaga. Nikamwambia, Ceceng, chagua: ngoma zako au mayai. Babake akasema, 'Mwache. Mayai yanauzwa sokoni.'"

Humo bandani ndimo ilimozaliwa Bedog Karat. Vijana wanne. Ceceng kwenye dramu, Deden kwenye kuimba, kama tutakubaliana kuita kule kuimba, na wawili wa magitaa. Mwaka wa tisini na saba wakaamua kurekodi. Walikuwa na chumba cha mazoezi cha kuazima, walikuwa na nyimbo, walikuwa na kila kitu isipokuwa kaseti nzuri ya kurekodia.

Sasa nyinyi mliokulia kwenye kaseti mnajua. Ukitaka kaseti yako isifutwe, unavunja vile vijino viwili vya mgongoni. Basi, hakuna wa kurekodi juu yake. Na mnajua pia, msijifanye watakatifu, kwamba ukibandika karatasi ya gundi pale palipovunjwa, kaseti inakubali tena kama mpya. Ceceng alikwenda kwenye rafu ya babake. Akachukua kaseti moja ya Alhamisi. Akabandika karatasi ya gundi. Nasema tena kwa sababu ndiyo roho ya habari hii: Ceceng alifuta mawaidha ya babake mzazi ili arekodi metali.

Ila nyimbo zilikwisha kabla ya kaseti kwisha. Aliyezalisha nakala hakuwa na habari. Alinakili mwanzo hadi mwisho, akafunga kwenye makasha, zikatoka. Hakuna katika wale wanne aliyesikiliza baada ya wimbo wa mwisho. Walikuwa na haraka ya kuwa maarufu.

Mimi nilipata yangu kwa binamu yangu. Nililala chali kwenye mkeka nikaiwasha. Wasikilizaji wapendwa, sijui niwaelezeje. Gitaa lilikuja kama mashine ya kukobolea mpunga imeingia chumbani. Deden alinguruma, sikuelewa neno hata moja, na nikaamini kila neno. Kwenye wimbo wa pili, katikati ya mbio, kuna pigo moja la dramu linakosekana. Pa, pa, pa, halafu shimo, halafu pa. Lile shimo tulilipenda kuliko mapigo yote. Tulidhani ni ufundi wa hali ya juu. Darasani tulilipiga kwa vidole juu ya madawati mpaka mwalimu akatutoa nje.

Upande ukaisha. Sikuinuka kugeuza kaseti, nguvu zilikuwa zimeniishia. Ikabaki ile shhh. Halafu, katikati ya shhh, sauti ya mzee mpole:

"...basi yule mama akauliza, 'Nani anagonga?' Kimya. Mlango ukagongwa tena. Mama akainua taa, akavuta komeo. Na pale mlangoni, ndugu zangu, alikuwa amesimama..."

Tak. Kaseti imekwisha.

Niliruka kutoka kwenye mkeka. Jikoni mama yangu akapaza sauti: "Alhamdulillahi, Yayan amebadilika!"

Nani alikuwa mlangoni? Tulibishana shuleni, tukabishana kwenye matamasha. Katikati ya nyimbo watu mamia wanapiga kelele, "Nani mlangoni?" na Deden anajibu kwa kunguruma, maana naye hakujua. Wako waliosema ni shetani. Wako waliosema ni mauti. Sisi wa metali ukituachia mlango wazi, hatuweki mgeni wa kawaida.

Habari ilimfikia Ajengan baada ya sala ya Ijumaa. Vijana wawili walimkimbilia kwenye ngazi za msikiti, wakamuuliza bila hata salamu, "Ajengan, nani mlangoni?" Ceceng alikuwa nyuma yake, anavaa viatu. Alinisimulia mwenyewe habari hii.

Nyumbani babake akamwita.

"Ceceng, mmenitia kwenye kaseti yenu?"

"Ni bahati mbaya, Abah."

"Na mbona mmenikata kabla sijamaliza?"

"Kaseti iliisha, Abah."

"Haya."

Basi. Hakuuliza kaseti imetoka wapi. Hakusema muziki ni mzuri wala mbaya, wala siku ile wala siku nyingine. "Haya" peke yake. Kuna watu wakigombezwa wanapona kesho yake. Ceceng alibaki na ile "haya" moyoni mpaka mvi zikamtoka.

Sisi mashabiki tukaanza kupanda mlima kwenda Cibolang kumuuliza. Mimi nilipanda na rafiki yangu Tatang, tumevaa nguo nyeusi tupu, jua la mchana linatuadabisha. Ajengan alitupokea kwenye baraza. "Kwanza mle," akasema. Zikaja comro za moto, ile mihogo ya kukuna iliyofichwa pilipili ndani, na tangawizi ya kunywa. Akamtazama Tatang kifuani.

"Huyu wa kwenye fulana yako anaumwa?"

"Ni fuvu, Ajengan."

"Naona. Amekonda. Mkatie naye comro."

Tulipomaliza kucheka alinivuta pembeni, akaninong'oneza mwisho wa hadithi. "Alikuwa jirani. Anarudisha sufuria aliyoazima." Wasikilizaji wapendwa, nilishuka ule mlima nimenuna. Shetani wangu amegeuka sufuria! Lakini siri nilipewa mimi, basi nikaitunza miaka yote. Hata Tatang sikumwambia, naye hakuniambia lolote.

Sasa nije jana, kwenye kisomo. Wazee walikaa ndani. Barazani tulikaa sisi, watu wazima wenye vitambi, tumevaa saruni na zile fulana nyeusi zilizopauka. Dua ikaisha, sinia za opak, vile vikate vikavu vya mchele, zikapita. Tatang akashindwa kujizuia.

"Jamani, Ajengan hayupo tena. Naomba niseme. Mlangoni alikuwa nyati wa kulimia. Amekata kamba."

"Nyati gani? Sufuria!" nikasema. "Jirani na sufuria!"

"Acheni uongo," akaingilia dada mmoja wa Cileunyi, shabiki wa tangu zamani. "Alikuwa mumewe. Walishamsomea hitima, kumbe yu hai. Ajengan aliniambia mwenyewe, kwa kinywa chake."

"Umedanganywa!"

"Wewe ndiye umedanganywa, na sufuria yako!"

Kila mtu alikuwa na mgeni wake. Bi Iyar alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa. "Niliwaambia nini? Chumvi hakuna."

Nikamgeukia Ceceng, ambaye kwa heshima namwita Kang, yaani kaka. Siku hizi anatengeneza pikipiki kule Cicalengka, mikono ina mafuta hata siku ya kisomo.

"Kang Ceceng, wewe alikwambia nani?"

"Sikumuuliza."

"Miaka yote hii?"

"Ningemuulizaje, Yayan? Mimi nikiuliza hadithi, yeye atauliza kaseti." Kisha akamgeukia mamake, na nikaona lile alilolibeba. "Ema, niambie kweli, usinifiche. Nilifuta sauti yake nikaweka makelele. Aliwahi kusikiliza hata wimbo mmoja? Au alinivumilia tu?"

Opak yangu ilibaki hewani, nikaona aibu hata kuitafuna.

Ema aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na redio kaseti ya marehemu. Ndani yake mlikuwa na Tanah Beureum. Maandishi ya juu yalikuwa yamefutika kwa vidole.

"Aliicheza akishalisha bata," akasema. "Mara kwa mara. Mimi najua nyimbo zenu zote, Mungu anisamehe."

"Alisikiliza sehemu yake," Ceceng akasema.

"Yote. Amekaa hapo ulipokaa wewe, anapiga kidole kwenye kikombe. Ule wimbo wa pili kuna mahali kidole chake kilikuwa kinaruka. Kila siku palepale. Nikajua ni uzee, nikataka kumpeleka kwa daktari."

Ceceng alifumba macho. "Si uzee, Ema. Pale niliangusha kijiti."

Sikilizeni vizuri hapo. Lile shimo la wimbo wa pili, lile tuliloliita ufundi, lilikuwa kijiti kilichoanguka. Na mzee wa mawaidha alikuwa amelijua kosa la mwanawe kwa kidole.

Ema akaendelea. "Nilimkaripia. Nikamwambia, baba Ceceng, peleka mbele basi ufike kwako, haya yanatupasua vichwa. Akaniambia, 'Ceceng ndiye aliyeanza kuzungumza. Zamu yangu iko mwishoni.'"

Ceceng alilia. Mtu mzima, mikono ya mafuta usoni, alilia kwa sauti, na sisi tukalia naye. Sioni haya kulisema redioni.

Alipotulia akauliza lile la sote. "Na mlangoni, Ema? Alikuwa nani?"

"Hata yeye hakujua. Hadithi alikuwa anaitunga palepale. Kaseti ilipofanya tak akanyamaza, kina mama wakakimbilia vyungu vyao. Hakuimalizia kamwe. Ndiyo maana kila mgeni alimtungia mwisho wake." Akamshika mwanawe bega. "Wako hakuutunga. Alisema atautunga siku utakayokuja kuuliza. Kila ulipokuja kutuona alikuwa anakuangalia, anasubiri. Wewe unauliza habari za bata."

Wasikilizaji wapendwa, nimekaa na maneno hayo tangu jana. Wageni tulipanda mlima, tukauliza, tukapewa. Aliyekuwa ndani ya nyumba aliogopa kugonga. Nami nawaomba jambo dogo leo, kabla jua halijazama. Kama kuna swali unaogopa kumuuliza mzazi wako, liulize. Na wewe mzazi, kama ulimjibu mwanao "haya" ukanyamaza, rudi, ongeza neno la pili.

Kwa Ema Unah, kwa Kang Ceceng, kwa Bi Iyar, na kwa Cibolang yote: poleni sana. Mwenyezi Mungu amlaze Ajengan Mahpud mahali pema, na awape nyinyi subira. Msiba ni wenu, na ni wetu sisi wa fulana nyeusi pia.

Nilitaka kuwachezea sauti yake. Mkuu wetu wa redio ameniambia, "Yayan, kata yale makelele, weka mzee tu." Nimemkatalia kwa heshima zote, na Ema amenipa kaseti yenyewe. Tutaanza mwanzo. Kina mama, msizime. Kwenye wimbo wa pili, tayarisheni kidole na kikombe.

Ceceng anazungumza kwanza. Ajengan tutamsikia zamu yake ikifika.