Mama Plagi na Mafuta ya Buluu

Wasikilizaji wapendwa, kaeni nami kidogo. Leo tunamkumbuka fundi wa injini ndogo. Watu walimwita Mama Plagi. Amefariki akiwa na miaka hamsini na sita. Kama uliwahi kupeleka jenereta, pampu ya maji au mashine ya kukata nyasi kwenye kile kibanda cha bati nyuma ya soko, basi mikono yake unaijua.

Jina la Plagi alipewa na wateja. Ukimletea mashine iliyogoma, hakukuuliza neno. Alifungua plagi kwanza, kile kijiti kinachotoa cheche ndani ya injini, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa mlangoni. Ikiwa nyeusi, anakuambia unazidisha oili. Ikiwa nyeupe kama chaki, injini inachemka. Ikiwa ya kahawia, mashine nzima, rudi nayo nyumbani. Bwana mmoja aliwahi kumwapia kwamba mashine yake haijatumika tangu mwaka jana. Mama Plagi akaitazama plagi, akamtazama bwana.

"Baba, basi kuna mtu anaiazima bila wewe kujua. Hii imefanya kazi kuliko wewe."

Mumewe ni mshona viatu. Aliniambia, "Yeye alinuka petroli, mimi gundi. Hakuna aliyemlalamikia mwenzake. Tulifaana."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, na nitakwenda taratibu ili nisimwonee mtu.

Miaka mitatu iliyopita, mdogo wa mumewe alimletea dumu la mafuta. Shemeji huyu mtaani anaitwa Rubani. Hajawahi kurusha ndege. Kazi yake ni kujaza mafuta kwenye ndege ndogo za injini ya pangaboi. Kabla ndege haijaondoka, mafuta kidogo hutolewa tenkini ili kuangalia kama yameingia maji. Yale yaliyotolewa hayarudishwi. Rubani aliyakusanya, dumu kwa dumu, akayauza mtaani kwa bei ya chini. Ni petroli ya ndege. Rangi yake ni buluu hafifu.

"Shemeji," alimwambia, "kitu kinachoinua ndege kitashindwa kusukuma pikipiki?"

Niseme haki. Mashine ziliyapenda. Mafuta yale hayachachi upesi. Mashine ya nyasi iliyolala miezi minne iliwaka kwa mvuto mmoja wa kamba. Mama Plagi alifurahi, akawashauri hata wenye magari. Aliyafyonza kwa mpira, kwa mdomo, kama mafundi wengi wanavyofanya. Alioshea kabureta. Na jioni, kabla ya kufunga, alinawia mikono, kwa sababu yanatoa grisi kuliko sabuni. Narudia, wasikilizaji wapendwa. Alinawia mikono. Kila jioni, kwa miaka miwili.

Siku moja mwalimu wa jirani alileta gari lake. Halikuwa na nguvu tena, likifika mlimani linataka kusukumwa. Chujio la moshi ndani ya ekzosi lilikuwa limeharibika. Mama Plagi akafungua plagi. Akaona vitone vya kijivu vimeng'ang'ania, vidogo kama mayai ya chawa. Akaenda kwenye jenereta iliyokuwa ikisubiri. Vitone vilevile. Pampu ya maji, vilevile.

Binti yake, aliyefanya naye kazi meza moja, alikuwepo. "Mama alipanga plagi kumi na moja mezani," aliniambia. "Akazihesabu moja moja. Kisha akasema, mwanangu, hizi zote nimezitia mkono mimi."

Kesho yake alifunga plagi moja kwenye leso, akaenda kwenye kiwanja cha ndege. Fundi wa ndege alipoiona, hakuhitaji kuambiwa. Alimweleza kwamba petroli ile ina madini ya risasi. Injini za ndege zile zimetengenezwa kwa ajili yake. Gari haliyahitaji, yanalichafua. Na ni sumu. Inaingia kwa pumzi, kwa mdomo, hata kwa ngozi.

"Sisi hapa tunavaa glavu," alisema. "Yule mjazaji wetu ndiye mwoga kuliko wote. Tone likimrukia, mbio bombani."

Mjazaji huyo, wasikilizaji wapendwa, ni Rubani.

Jioni hiyo walikaa sebuleni watu watatu: Mama Plagi, mumewe na Rubani. Maneno yao nimeyapata kwa mume.

"Shem, kazini unavaa glavu?"

"Ni sheria ya pale, shemeji."

"Na mimi je?"

Rubani akacheka. "Wewe fundi bwana! Mikono yako hiyo, nini kitapenya?"

Mume aliponisimulia hapa alisimamisha sindano. "Ni mdogo wangu, tumelala kitanda kimoja utotoni. Lakini kicheko kile sijakisahau."

Wakati huo vidole vya Mama Plagi vilikuwa vimeanza kutetemeka. Nati ndogo zilimponyoka. Tumbo lilimkata siku nzima. Alipimwa damu, risasi ikaonekana nyingi mno. Binti naye akapimwa. Yeye alikuwa nayo kidogo. Lakini binti alikuwa na mimba ya miezi minne.

Siku hiyohiyo mama alimtoa binti kibandani. Kisha akachukua faneli, mpira wenye pampu ya mkono na madumu matupu, akaanza kuzunguka. Nyumba kwa nyumba. Kila mashine aliyoijaza, aliikamua. Mafuta machafu aliyarudisha kiwanjani, fundi wa ndege akayapokea kwenye pipa la taka. Wengine walimshukuru. Wengi waliudhika.

"Juzi ulisema ni dawa, leo unasema ni sumu," mwenye pikipiki mmoja alimwambia. "Kesho utasema nini?"

"Kesho nitasema kama leo, baba. Juzi nilikosea. Fungua tenki."

Alipotoka mlango wa mbele, Rubani aliingia kwa mlango wa nyuma na dumu jipya. Akawaambia watu kwamba shemeji yake amekuwa na wivu wa biashara. Na watu wakanunua. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Walikuwa wameyaona madhara yake mikononi mwa Mama Plagi, mikono ile ikitetemeka mbele yao, wakanunua.

Alizunguka miezi saba. Kisha figo zikashindwa. Daktari hakusema ni mafuta peke yake. Nami si daktari, siongezi neno. Ninasema ninachokijua.

Kwenye mazishi nilikuwepo. Jenereta ya vipaza sauti ilinguruma kando ya ukuta. Kaka wa marehemu alikuwa akizungumza. Binti, mtoto mgongoni, akanusa hewa. Akaenda kwenye jenereta, akafungua kifuniko cha tenki, akachovya ncha ya kitambaa cheupe. Kikatoka na ubuluu.

"Ni mchango wangu jamani," Rubani akasema. "Nimeleta bure."

Binti akamwonyesha kile kitambaa. "Baba mdogo. Hata leo?"

Akazima. Vipaza sauti vikafa. Mjomba mtu akaendelea kwa sauti yake tu, na waliokuwa nyuma wakasogea mbele ili wasikie.

Tunawapa pole mume, binti na mjukuu, ambaye bado anapimwa kila baada ya miezi mitatu. Rubani naye ni mfiwa. Pole hiyo ninampa. Zaidi ya hiyo sina cha kumpa.

Kwenu mnaonisikiliza, ninaomba jambo moja. Nendeni mkaangalie dumu lenu. Mwageni kidogo kwenye kitambaa cheupe, si mkononi. Yakiwa ya buluu na hujui yalikotoka, usiyatie kwenye gari, usiyamwage mtaroni, usiyape jirani. Yapelekeni kwa binti pale kibandani, alikorudi baada ya mazishi. Anayapokea, na glavu amevaa, na hamuulizi mtu alikuwa anawaza nini.

Usione aibu. Dumu la kwanza alilopokea baada ya mazishi lilitoka hapa studio. Nililibeba mimi.