Mia Tano ya Mzee Stanslaus

Wasikilizaji wapendwa, poleni na shughuli za kutwa. Leo tunamkumbuka Mzee Stanslaus Ndaki wa Kalangalala, Geita, aliyefariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka sitini na mbili.

Mzee Stanslaus alichimba dhahabu miaka ishirini. Vumbi la mwamba likamharibia mapafu. Akaacha shimo, akawa anauza karanga stendi. Kila sarafu aliyopewa aliigeuza pande zote. Mkewe, Mama Noela, anasema: "Wateja walidhani anakagua hela bandia. Kumbe anatafuta zilizokosewa kiwandani."

Mwezi wa tatu akaipata. Shilingi mia tano, picha ya nyati imegongwa pembeni, nusu ya kichwa haipo. Narudia, mia tano ya kawaida, ila imekosewa kiwandani. Mkusanyaji wa sarafu kutoka Mwanza aliiona kwenye picha ya simu, akaahidi milioni mbili na nusu. Fedha hiyo ingenunua mashine ya oksijeni ya nyumbani. Mzee hakuweza tena kulala usiku, anakaa tu kitandani akihema.

Sasa sikieni. Binti yake, Noela, kazi yake ni kusafisha dhahabu za wachimbaji. Kwao mzigo hauendi kwa mnunuzi ukiwa mchafu. Asubuhi ya kuja yule mgeni wa Mwanza, akaichukua ile sarafu iliyofubaa, akaitia kwenye asidi kama afanyavyo kila siku. Ikatoka inameta, nyati ameliwa uso.

Mgeni aliitazama mara moja. "Ikishasafishwa haina thamani tena, siichukui. Nani kafanya hivi?"

"Mimi," akajibu Mzee Stanslaus. "Nilitaka ing'ae."

Mgeni akaondoka. Wiki sita baadaye mzee akatutoka. Kama mashine ingemwokoa sijui, mimi si daktari. Lakini inaniuma.

Msibani watu walinong'ona kwamba mzee alijiponza kwa ujuaji wake. Noela akayasikia, akanipigia simu hapa studio.

"Kaka, tangaza kwamba ni mimi. Baba alinikataza nisiseme. Aliniambia, 'Mwanangu, wakijua umeharibu sarafu hii, nani atakupa tena dhahabu yake? Mimi nimeshamaliza kazi.'"

Basi nimetangaza, Noela. Pole sana. Mama Noela, pole, na ukoo wote wa Ndaki, Mungu awatie nguvu. Nasi tuliomsema marehemu, tujiulize tulikuwa tunajua nini.

Kesho Noela anarudi kazini. Mwenye dhahabu ya kusafisha, nakuomba umpelekee.