Mungu Aliponitoa kwenye Meza ya Heshima

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Nasema apewe Yeye, maana mimi ninayeandika haya ni mzee aliyejikusanyia sifa zake mwenyewe kwa miaka mingi, na leo nataka kuzirudisha kwa mwenyewe.

Mimi ni Papa Anselme wa Mushaki. Nilisoma sekondari, nikapata diplome yangu, nikawa karani wa kiwanda kidogo cha jibini. Vita vilipokuja kiwanda kikafungwa na ng'ombe wakatawanyika, lakini funguo za chumba zikabaki mfukoni mwangu. Chumba kile kina mabati mazima na sakafu ya simenti. Siku ya jua kali bado kinanuka maziwa yaliyochacha. Ndani yake kulikuwa na meza ndefu ya mbao nzito, tuliyotumia zamani kukandamizia jibini. Ikumbukeni meza hiyo, ndugu zangu, kwa sababu ndiyo iliyonifunga.

Vijana wa hapa wanaojua telefone na kompyuta walikuja kuniomba chumba. Mmoja alikuwa anachajia watu betri kwa jua. Mwingine alikuwa anaandika ng'ombe wa watu ndani ya kompyuta, na picha zao, ili wakiibwa watambulikane. Kila mmoja alihangaika peke yake juu ya kilima chake. Walitaka kukutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, wajuane, waonyeshane kazi, na zile startapu zao, biashara ndogo za teknolojia, zisife moja moja. Niliwafungulia. Hapo nilifanya vizuri. Laiti ningeishia kufungua mlango!

Lakini nilijifanya chefu wa protokole, yaani mkuu wa itifaki. Nilitandika kitambaa cheupe juu ya meza, nikaweka maua ya plastiki na chupa za maji, nikaita meza ya heshima. Nikaandika programu: kuingia kwa wakubwa, sala, neno la chefu wa kijiji, neno la prezidenti wa kikundi, neno la makamu wake, neno la mgeni kutoka Goma. Mwishoni kabisa niliweka kile tunachokiita diveri, yaani mengineyo, ile saa ya mtu asiye na cheo. Na mimi mwenyewe nilisoma historia ya maisha ya kila mkubwa, shule alizosoma na kazi alizofanya, huku watu wakinipigia makofi.

Mke wangu, Mama Odette, alinionya. Siku moja nilimwita aniletee chai barazani, akacheka.

"Ngoja kwanza nitandike kitambaa," akasema. "Na nani atasoma historia yako mbele ya kunywa? Ao nimuite chefu?"

Nilikasirika. Sikusikia.

Ndugu zangu, Jumamosi moja aliingia dada mmoja mwenye matope hadi magotini, amebeba kompyuta ndani ya mfuko wa unga. Alikuwa ametoka Mubi, kule Walikale, kwa moto, yaani pikipiki, na kwa lori, siku tatu njiani. Jina lake Solange.

"Papa, niko na kitu ya kuonyesha," aliniambia. "Na kuko mutu niko namutafuta."

"Jina yako iko kwa programu?"

"Hapana, Papa. Sikujua kama kuko programu. Nilisikia tu watu wanakutana."

"Basi kaa pale nyuma. Nitakuweka kwa diveri."

Alikaa. Wakubwa wakachelewa, tukawangoja. Wakaingia, tukasimama. Wakasema, mmoja baada ya mwingine, na mgeni kutoka Goma akasema kuliko wote. Solange alinyoosha mkono mara mbili. Mara ya pili nilimtikisia kidole kama mtoto wa shule. Kisha mvua ikashuka, dereva wa mgeni akaogopa barabara ya Sake, nikatangaza kwamba mkutano umefungwa. Diveri haikufika. Nilipomaliza kuwasindikiza wakubwa kwenye gari, dada yule alikuwa amekwisha kuondoka na mfuko wake.

Nami nilirudi nyumbani nimefurahi! Nilimwambia mke wangu kwamba mkutano ulikuwa mzuri. Ee Bwana, nihurumie.

Baada ya majuma machache lori lilisimama sokoni Mushaki, na dereva wake, mtu mnene wa Mubi, akauliza kwa sauti kubwa, "Ni nani hapa wanaita Papa Protokole?"

Watu wakanionyesha.

"Aa, ndio wewe! Kumbe ni kazee tu! Mutoto wetu alitoka kwako analia njia muzima. Ninyi watu ya Mushaki munafanya mukutano ya teknoloji na maua ya plastiki!"

Soko zima likacheka. Nilimvuta pembeni anieleze, na alichonieleza kilinichoma.

Solange anatengeneza telefone kando ya barabara Mubi, mahali wenye moto na malori wanaposimama. Alikuwa ametunga kitu kinachotumika hata kwa telefone ya kawaida, bila internet. Dereva anatuma ujumbe mfupi, anajibiwa njia inapitika wapi, daraja gani limevunjika, na lori gani linarudi tupu. Madereva wote wa upande ule wanamtumia. Lakini lori tupu lina faida gani kama dereva hajui mkulima mwenye mzigo yuko wapi? Alikosa mtu wa upande wetu mwenye majina ya wakulima.

Na mtu huyo yupo! Vijana wa kikundi waliokuwa sokoni walinitajia Innocent, mkulima wa maharagwe wa Burungu, baba wa watoto wawili. Alikuwa ameandika ndani ya telefone yake wakulima wa vilima vingi, nani ana magunia tayari na nani bado. Yeye alikosa malori. Na siku ile, ndugu zangu, Innocent alikuwa ndani ya chumba changu! Alikaa benchi la tatu, Solange benchi la mwisho. Mmoja ana nusu hii, mwingine nusu ile, wamekaa saa nne nzima wakisikiliza shule alizosoma makamu wa prezidenti.

"Na sasa?" nilimuuliza dereva.

"Sasa anasema anaacha. Mwisho wa mwezi anafunga ile kitu yake, anauzisha mashini. Anasema watu ya kazi yake hawaiko."

Kuanzia siku hiyo sikuweza kutulia. Nilikuwa nikikaa, nasimama. Nilikwenda shambani, nikasahau jembe, nikarudi, nikasahau nilichorudia. Nilipiga magoti kuomba na maneno yakawa kama programu, kwanza hiki, pili kile, hata nikaona aibu mbele za Mungu. Jumapili mchungaji alihubiri juu ya mgeni aliyekimbilia kiti cha mbele kwenye karamu, akaambiwa ainuke. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele. Nilitoka katikati ya mahubiri nikazunguka kanisa kwa miguu. Mke wangu alinikuta nje.

"Anselme, hata ukizunguka mpaka magharibi, hutafika Mubi kwa kuzunguka," akasema. "Nenda."

Nilikwenda. Mzee wa magoti mabovu, juu ya moto, nyuma ya dereva anayeimba! Nilikuwa nimeandika hotuba ya kuomba radhi, karatasi mbili, na salamu kwa viongozi wa Mubi mwanzoni. Siku ya pili moto ulizama kwenye matope. Tulisukuma, nikaanguka kifudifudi, na karatasi zangu zikawa udongo. Nilibaki hapo nimeinama. Nikalia kwa sauti, "Yesu! Mimi ni mtu wa bure! Nimewafungia watoto wako mlango nilioufungua mwenyewe! Niondolee kiti hiki moyoni!" Dereva alidhani nimevunjika mguu. Ndugu zangu, hakuna mfupa uliovunjika, lakini kitu kilivunjika, nami namshukuru Mungu kwa kukivunja!

Nilifika Mubi Jumapili mchana. Mbele ya kibanda cha Solange watu walikuwa wamekusanyika, wengine wamekaa juu ya moto zao, wengine juu ya mabidoni, yale madumu ya plastiki. Nilisimama nikingoja mtu anitambulishe. Hakuna aliyenitambulisha. Miguu ikachoka, nikakaa juu ya bidoni kama wengine.

Walikuwa na desturi moja. Kila mtu, akiwa mkubwa akiwa mdogo, anasema maneno mawili tu: niko na nini, ninakosa nini. Fundi wa redio alisema ana waya, anakosa betri. Mama muuza mafuta ya mawese alisema ana madumu, anakosa mtu wa kumwandikia wateja. Mtu akisikia anachoweza kutoa, anainuka na kwenda kukaa karibu naye. Basi! Katika muda ambao mimi husoma historia ya mkubwa mmoja, watu wanane walikuwa wamekwisha kupatana.

Zamu ikanifikia. Solange akanitambua.

"Papa Protokole," akasema taratibu. "Hapa meza haiko. Uko na nini?"

"Niko na chumba, Mushaki. Na ninamjua mtu uliyekuwa unamtafuta. Alikuwa ndani siku ile."

Akauliza, "Unakosa nini?"

"Msamaha wako, binti yangu."

Mwenye moto mmoja akasema, "Papa, hiyo haiko kwa stoku!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka huku machozi yakinitoka. Solange hakucheka.

"Msamaha tutaona," akasema. "Nipe numero ya ule mutu."

Ndugu zangu, sikuwa nayo! Orodha yangu ya mahudhurio ilikuwa na jina, cheo na sahihi. Mtu anafanya kazi gani, apatikane wapi, sikuwahi kuuliza.

"Mwezi bado siku kumi," Solange akasema. "Nitangoja hizo siku kumi."

Nikarudi njia ile ile. Burungu nikakuta nyumba ya Innocent imefungwa, familia imehamia kwingine kwa sababu ya fujo. Nilipita kilima kwa kilima nikiuliza. Kila nilipofika niliomba kwa maneno machache, "Bwana, niko na miguu, ninakosa Innocent." Akanipa! Nilimkuta kwa shemeji yake akipukuchua maharagwe. Siku mbili zilikuwa zimebaki. Tulipanda mahali penye rezo, telefone inaposhika mtandao, akampigia Solange. Walizungumza mpaka telefone ikazimika. Mimi nilikaa kando juu ya jiwe, sikuongeza neno hata moja, na hiyo, wanaonijua watakubali, ni muujiza.

Solange hakufunga. Lori la kwanza lililorudi Mubi likiwa na maharagwe ya vilima vyetu liliendeshwa na yule dereva mnene, na alipiga honi kutoka sokoni mpaka kona.

Meza ya heshima? Mimi na Innocent tuliikata kwa msumeno, ikatoa mabenchi manne. Bado yananuka jibini.

Sisemi kwamba sasa yote ni raha. Njia inafungwa, inafunguliwa, inafungwa tena. Mwenye picha za ng'ombe alikimbia na hatujui yuko wapi. Solange alikuja Jumamosi iliyopita, akakaa, akasema ana nini na anakosa nini, wala neno msamaha hakulitaja. Simdai. Wengine walikuja chumbani mwangu mara moja, wakachoka kungoja diveri, hawakurudi, na sijui majina yao. Hao ndio wanaoniinua kitini kila siku kwenda kutafuta.

Asante Yesu, uliyenifuata hadi kwenye matope! Na wewe unayesoma, kama kuna kiti kinachokufunga, mwambie Yeye, anajua kuinua watu. Jumamosi ya kwanza mlango wetu uko wazi. Utamkuta mzee benchi la mwisho, karibu na mlango. Usinisalimie kwanza. Kaa, mgeukie aliye kando yako, umuulize ana nini na anakosa nini. Huenda ametembea siku tatu.